Dhoruba Uliyoiita Nzuri

Jumatatu, 16 Machi

Kiroboto,

Paa la nyumba ya mama limeng'oka. Lote. Ilikuwa juzi Jumamosi, tarehe kumi na nne, jioni, jua halijazama vizuri. Mabati thelathini na sita, kenchi nne za mbao kati ya saba, na kofia yake ya juu. Bati moja tumelikuta limejiviringisha kwenye nguzo ya umeme kama kitambaa cha kufutia meza. Mengine sijui yalikokwenda. Labda wewe ndiye wa kutuambia, maana ulikuwa juu yake.

Mama ni mzima. Nalisema mapema usije ukapoteza pumzi, najua hewa mnapimiwa huko.

Nakuandikia badala ya kungoja simu yenu ya Jumapili kwa sababu kwenye simu unacheka, na ukishacheka mimi nasahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo leo huwezi kucheka. Soma.

Jumamosi hiyo nilikuwa juu ya bweni la shule, tunapiga bati upande wa mwisho. Vijana wakaniita chini: "Bosi, shuka, mdogo wako yuko hewani!" Nikashuka. Tukajibana sita kwenye simu moja ya fundi rangi. Mtoto wa shule akakuuliza ni kitu gani kizuri kuliko vyote ulivyowahi kuona huko angani. Ukaigeuza kamera dirishani, ukasema, "Hiki hapa. Kitazameni." Likaonekana wingu jeupe, pana, limetandaa kama shuka iliyopigwa pasi, na ndani yake umeme unawaka huku, unazima, unawaka kule. Ukasema, "Nzuri mno." Ukarudia.

Vijana wangu wakapiga makofi. Mimi nikainua macho. Nililiona hilohilo kutoka pembeni, Kiroboto. Kutoka pembeni halikuwa jeupe. Lilikuwa jeusi tii, na lilikuwa limekaa juu ya mtaa wetu.

Sasa shida yangu. Kwangu chumba kipo, kitanda kipo, choo kiko ndani. Nimemwambia mama aje. Hataki. Nimefunga turubai juu ya sebule, na anakaa chini yake kwenye kile kiti chake, kama anayengoja zamu yake zahanati. Mimi hanisikilizi. Wewe anakusikiliza tangu ulipokuwa hujui hata kufunga kamba za viatu. Ukipiga simu Jumapili mwambie ahame. Sihitaji hotuba, mwambie ahame, basi.

Dada yako

*

Alhamisi, 19 Machi

Shikamoo dada,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimejifunga kwenye mfuko wa kulalia, na mara ya pili dirishani. Sikucheka.

Nilijua. Ningeweza kukuambia kwamba sikujua, ungeniamini, kwa sababu kutoka huku nyumba haionekani. Lakini mto unaonekana, na pale unapojipinda, na bwawa la kiwanda cha unga linalong'aa kama sarafu. Nikiona vitu hivyo vitatu, kidole changu kinaijua njia iliyobaki. Jumamosi ile sikuona mto wala bwawa. Niliona wingu limekaa mahali pake, na nikajua.

Acha nikueleze lilivyokuwa, halafu unikasirikie vizuri. Dhoruba kubwa ukiitazama kutoka juu ina umbo la fuawe, kile chuma cha mhunzi: juu bapa, kingo zimesambaa. Katikati, pale penye nguvu, kunatoka kinundu kinachotoboa ule ubapa na kupanda zaidi, kama maziwa yanapotaka kufurika sufuriani. Kikishatokea kinundu, hapo chini watu wana shida. Kazi yangu ni kukipiga picha, kwa sababu kuna umeme mwingine haushuki, dada. Unapanda. Mwembamba, wa buluu, unatoka mgongoni mwa wingu kwenda kwenye giza, umekwisha kabla hujasema "tazama". Miaka mingi marubani walisema wameuona, wakaambiwa wamechoka.

Na yote hayo hayana sauti. Ndicho kitu ambacho sijakizoea. Wingu la ukubwa wa wilaya nzima linapasuka mbele ya macho yako, na wewe unasikia feni ya kusafisha hewa. Wiki za kwanza nilikuwa naziba masikio kabla ya kila mmweko. Mwenzangu, mama mmoja mtulivu sana, akaniuliza, "Unasikia nini?" Nikamwambia nasikia mabati.

Unakumbuka? Mvua ikianza, nyumba ilikuwa haina mdomo tena. Unapiga kelele hadi mshipa wa shingo unatoka, na mtu aliyekaa karibu yako hasikii. Baba akatufundisha mikono waliyokuwa wakitumia kiwandani, kule ambako mashine zinanguruma na mtu haongei kwa kinywa. Kugonga utosi mara mbili: lete ndoo, kunavuja. Kushika sikio: nani kaacha mlango? Wewe ulibuni wako wa kunitukana, ule wa kidole na pua, na mama hakujua maana yake mpaka nilipomwambia. Jioni nzima tunaishi kama mabubu wenye furaha. Mvua ikikatika ghafla tunaona aibu, kila mtu anasema kitu cha kijinga, kama wageni.

Ndiyo maana nakuomba usimhamishe mama. Na usiguse kuta. Funga turubai lingine juu ya hilo. Nikirudi tutaipaua pamoja, mimi na wewe. Nikipita hapo juu huwa naitafuta nyumba ile, na nisipoijua ilipo sitajua natafuta nini.

Nisalimie mama. Nitapiga Jumapili.

Mdogo wako,
Kiroboto

*

Jumatatu, 23 Machi

Marahaba.

Jana ulipiga. Mlizungumza robo saa, mama kaweka simu kwenye sikio lake bovu, anaitikia tu "enhe, enhe". Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hukumwambia ahame. Ulimuuliza kama bado ana ile birika.

Barua yako ni tamu. Nimemsomea mhasibu wangu mahali pa mikono, akafuta machozi, halafu akaniuliza, "Kwani huyu anafikiri turubai linadumu muda gani?" Nikamwambia wewe unaishi mahali pasipo na mvua.

Sasa na mimi nikukumbushe kitu, maana kukumbuka si kazi yako peke yako. "Tutaipaua pamoja." Pamoja na nani? Paa la zamani lilikuwa chujio, hilo la ndoo na kugonga utosi, hilo ndilo unaloliota. Lililong'oka ni lingine. Ni langu. Baba alikuwa ameshazikwa, mimi nina miaka kumi na tisa, nashika ngazi kwa seremala mmoja aliyeniita "wewe msichana" kana kwamba ndilo jina langu. Nikaangalia mwaka mzima jinsi wanavyopima mwinuko. Nikaomba likizo ya wiki, nikapanda mwenyewe. Mama ananipa mbao kutoka chini, anasema, "Ukianguka sitakuokota." Mwinuko niliukosea kwa digrii tatu upande wa jikoni, hata leo macho yangu yakifika pale yanauma. Wewe ulikuwa umelala chali juu ya rundo la mabati, unatazama mawingu. Hukunipa hata msumari mmoja.

Lilikuwa paa la kwanza kulijenga maishani mwangu. Tangu siku hiyo nimejenga mia nne na kumi na mbili: maghala, kanisa, msikiti, soko lenye njiwa wasiohama. Yote yangu yana mwinuko sahihi. Lakini mtu akisema "paa", mimi naliona lile, na jioni ya kwanza ya mvua chini yake. Mama alizunguka na ndoo mkononi, chumba kwa chumba, akingoja tone. Hakupata. Akaiweka ndoo chini, akaikalia. Hakunisifu. Alikaa tu juu ya ndoo kavu, ananitazama. Mimi nilichoka sana siku ile, na sijawahi kuwa na jioni nzuri kama ile.

Hilo ndilo lililoondoka chini ya wingu lako. Kwa hiyo usiniambie habari ya kukumbuka nyumba.

Halafu kuna jambo linanitisha. Jana baada ya simu nilimwambia mama, "Haya, basi angalau mpaka mvua zipungue." Akasema, "Siwezi. Nimeambiwa nikae." Nikauliza na nani. Akasema, "Na mwenyewe." Mwenyewe nani? Akanitazama kama mimi ndiye mzito wa kuelewa. Anakohoa pia, ingawa akiniona anakigeuza kikohozi kuwa kusafisha koo.

Akili yake ilikuwa kali kuliko yangu na yako. Sitaki kuandika ninachofikiri.

Dada

*

Jumatano, 25 Machi

Mwanangu,

Anayeandika ni jirani, yule muuguzi aliyestaafu. Anaandika kwa simu yake kwa kidole kimoja na anasema niseme polepole. Dada yako hajui. Usimwambie, ana maneno mengi siku hizi, na nyundo.

Nakuandikia ili usiwe na wasiwasi. Niko palepale.

Ule mkono wako niliuona. Nilikuwa nimekaa karibu na televisheni, sauti nilishaizima kwa sababu ya masikio yangu. Ukaonyesha wingu, ukarudisha uso wako, watu wakakupungia. Na wewe ukaweka kiganja kifuani, ukakinyoosha mbele. Kaa hapohapo, nakuja kukuchukua. Nikasema, loo, huyu kaniona. Nikaweka na mimi changu kifuani. Ndipo umeme ukakatika na mabati yakaanza kuinuka. Nilikuwa na nafasi ya kukimbilia kwa jirani, mlango ulikuwa wazi. Sikwenda. Nilikaa chini ya meza nikaangalia paa la dada yako likiondoka bati moja moja, na moyo wangu ulikuwa baridi kabisa.

Nikwambie kwa nini. Nilipokuwa na mimba ya dada yako nilimpelekea baba yenu chakula kiwandani. Mto ukaja. Maji yaliingia kwa mlango wa magunia kama watu wanaosukumana. Mimi nikapanda juu ya shehena ya unga. Yeye alikuwa ng'ambo, juu ya mashine, na kelele ile. Akanionyesha mkono huohuo. Maji yalikuwa yanapanda, na wenzangu wawili wakasema turuke tuogelee. Mimi nikakaa. Na alikuja, mwanangu. Alikuja na kamba kiunoni.

Sasa dada yako anataka nihamie kwake. Kwake ni kuzuri, kuna choo ndani. Lakini nikihama, utanikuta wapi? Wewe ulisema kwenye simu unaijua nyumba kwa kona ya mto. Kwake hakuna mto.

Kifua kinabana kidogo tu. Turubai nalo lina kelele zake, linapiga kofi kama mtu mwenye hasira, silo bati. Nimelizoea.

Usiharakishe kazi ya watu. Maliza, uje.

Mama yako

(Mimi jirani naongeza: si kidogo. Nimemsikiliza mgongo. Lakini kasema nisiandike hivyo.)

*

Jumapili, 29 Machi

Shikamoo dada,

Mama hana tatizo la akili. Tatizo ni mimi. Ameniandikia kupitia jirani, akasema nisikuambie, lakini nakuambia, na barua yake nimeiambatisha hapa.

Siku ile ya matangazo, baada ya kusema "nzuri mno", nilielewa ninachokitazama. Sikuwa na uhuru wa kusema hewani, "Hapo chini ni kwetu." Kulikuwa na shule arobaini zinasikiliza, na karatasi yenye mambo tunayoruhusiwa kusema. Mkono ukaenda wenyewe. Nilimwonyesha mama ule wa baba: kaa hapohapo, nakuja kukuchukua. Watazamaji walifikiri natoa shukrani. Mkuu wa matangazo alinisifu, akasema ilikuwa ishara ya unyenyekevu.

Kwa hiyo anakaa. Ameng'ang'ania kiti kile kwa sababu yangu, na mimi nilikuwa nakuomba usimhamishe kwa sababu nilidhani kumtoa pale kutamuua. Nimesoma barua yake na kujiona mpumbavu anayezunguka dunia.

Nakuomba unisaidie. Mwambie ule mkono ulikuwa salamu tu. Mwambie nilikuwa nachezacheza, au chochote utakachoona kinafaa. Wewe uko karibu naye, utajua namna ya kulisema. Mimi kwenye simu hanisikii vizuri, na nikipaza sauti nusu ya kituo inasikia.

Jana tulipita juu ya dhoruba nyingine, baharini, mbali na watu wote. Saba zilijipanga mstari, zikawa zinawakiana, moja inaanza, ya pili inajibu, mpaka ya mwisho, kisha inarudi. Mwenzangu akasema zinaongea. Nikamwambia hapana, zinagongana utosi, kunavuja. Hakuelewa, na sikumweleza. Nilitamani ungekuwepo wewe nikuonyeshe ule wa kidole na pua.

Tunza kifua cha mama.

Kiroboto

*

Jumatatu, 6 Aprili

Kiroboto,

Sikukujibu wiki iliyopita kwa sababu nilikuwa hospitali. Mama alilazwa Jumanne, mapafu yote mawili. Jirani ndiye aliyenipigia, na nilimkuta mama ameshabadilika rangi midomo. Ametoka jana. Daktari amesema alale mahali pakavu. Tulipofika njia panda, kulia kwangu, kushoto kwake, aliweka mkono kwenye usukani. Mama, mgonjwa, mwenye nguvu za kuku, alishika usukani wangu.

"Kushoto," akasema.

"Mama, daktari kasema pakavu."

"Daktari hajaniambia anakuja kunichukua."

Nikaenda kushoto. Nimelala naye sebuleni usiku kucha, na mvua ilinyesha. Nilikumbuka ulichosema kuhusu ukimya wenu huko. Ungependa kusikia turubai letu.

Nilitaka kufanya ulivyoniomba. Nilikuwa nimeshapanga na maneno: "Mama, ulikuwa mchezo tu, unamjua yule." Asubuhi nikaketi mbele yake, nikafungua kinywa. Simu ikalia. Ni mratibu wa familia wa kituo chenu, yule dada mwenye sauti ya benki. Akanisalimu vizuri, akasema anafuatilia tu kama familia ina pingamizi lolote juu ya wewe kuongezewa muda hadi Desemba, maana kwenye fomu ulijaza kwamba utazungumza na ndugu zako. Akasema kiti chako cha kushuka tarehe kumi na nane mwezi huu kinaweza kupewa mwenzako. Akasema wanafurahi sana, kwa sababu msimu mkubwa wa dhoruba ndio unaanza na hakuna anayezipiga picha kama wewe.

Nikamuuliza uliombwa lini. Akasema tarehe kumi na mbili Machi.

Kumi na mbili. Paa liling'oka kumi na nne. Kwa hiyo ulipoweka kiganja kifuani ulikuwa tayari umeshaulizwa, na hukuwa umejibu. Hata sasa hujajibu. Barua mbili umeniandikia tangu hapo, na umenieleza umeme unaopanda juu, na fuawe, na maziwa, na hilo hukulitaja.

Sikukasirika kama nilivyodhani ningekasirika. Nilikata simu nikakaa. Mama akauliza, "Nani?" Nikasema, "Mteja." Nikamtazama pale kwenye kiti, blanketi mpaka kidevuni, amejipanga kama mtu aliye kituoni na mzigo wake, na kwa mara ya kwanza nikamwonea wivu. Wewe ulimwonyesha yeye mkono. Mimi pia nilikuwa natazama, Kiroboto. Nilikuwa pale kwenye simu ya fundi rangi, kichwa changu kikiwa cha sita. Picha yetu ilikatika ulipokuwa bado dirishani, na nimekuwa nikijiuliza tangu barua ya mama: je, huo mkono ulikuwa wa kwake peke yake?

Ukitaka kubaki, baki. Nasema kweli. Kazi yako naielewa kuliko unavyofikiri; ningekuwa mimi napewa paa ambalo hakuna mtu mwingine anajua kulijenga, ningeomba na mimi muda. Sitakuita mtoto mbaya, na watu nitawaambia nilikuruhusu. Lakini sitamwambia mama kwamba ule mkono ulikuwa salamu. Alikaa chini ya meza nyumba ikifunuliwa, akiwa hana hofu hata chembe, kwa sababu aliuamini. Mimi siwezi kumnyang'anya kitu hicho kwa kinywa changu. Kama ni cha kunyang'anywa, mnyang'anye wewe uliyempa.

Hesabu yangu ni hii. Watabiri wanasema mvua kubwa ni wikiendi. Mbao na mabati mapya yako tayari kwenye lori karakanani, na mafundi wanane nimewatoa kwenye kazi nyingine. Ukisema unashuka tarehe kumi na nane, lori linakwenda kwa mama Alhamisi mchana, tunapaua kuzunguka kiti chake kama alivyo, chumba alichokaa kwanza, na Ijumaa jioni atakuwa pakavu, anakungoja palepale ulipomwambia. Ukisema unabaki, utampigia simu mwenyewe Alhamisi hiyohiyo, kwa picha, siyo kwa sauti, umwonyeshe kwa mkono wako kwamba huji sasa, aende na mimi. Nitakuwa nyuma yake. Nitambeba na kiti chake hadi kwangu.

Sitaki maelezo ya wingu. Sitaki "tutaona", wala "inategemea", wala jinsi mwenzako alivyo mtulivu. Mratibu anasema barua inakufikia siku hiyohiyo, kwa hiyo muda unao wa kutosha.

Unashuka tarehe kumi na nane, ndiyo au hapana? Nijibu kabla ya Alhamisi, tarehe tisa, saa sita mchana. Dereva atakuwa amekaa kwenye lori, injini inawaka, ananitazama mimi nimwambie kulia au kushoto.

Dada yako